Nyuzi Tatu Tangu Asubuhi

Mtu nitakayesimulia habari zake hapa ni mwanamke mwenye maneno makali, na sitaki msomaji anijie baadaye akilalamika kwamba sikumwonya. Ofisini tunamwita Shangazi, ingawa hana mpwa hata mmoja pale. Vijana wa mauzo ndio waliompa jina hilo, kwa sababu anakaripia kama shangazi wa kweli: kwanza anakusema mpaka unatamani ardhi ipasuke, halafu anakuuliza kama umekula.

Kazi yake ni kuandika kiini. Kiini ni ile programu ya chini kabisa, inayokaa kati ya mashine na programu nyingine zote, ikiamua nani atumie kumbukumbu, nani asubiri zamu yake na waya gani usikilizwe lini. Programu ya juu ikikosea unaizima na kuiwasha tena. Kiini kikikosea huna pa kulalamikia, maana hata malalamiko yako yanapitia humo humo.

Mimi ni jirani yake wa meza, huu ni mwaka wa kumi na moja. Kazi yangu ni kujaribu. Yeye anatengeneza, mimi naharibu. Nachomoa nyaya, nakata umeme katikati ya kazi, naliacha juani sanduku lenye kiini hicho, nalitikisa kama mtu anayetafuta sarafu kwenye kopo. Nikishindwa kuliua naweka saini, na sanduku linakwenda kwa mteja. Nalipwa mshahara kwa ajili ya saini hiyo, na nitaisema tena mbele, hata kama sipendi.

Ofisi yetu iko ghorofa ya pili, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Wakikata nondo huko chini, meza zinatetemeka na Shangazi anagonga sakafu kwa kisigino. Tunatengeneza sanduku dogo la kijivu linalofungwa kwenye matangi ya kupozea maziwa. Ndani ya tangi kuna kipimajoto, na kutoka kwenye kipimajoto unakuja waya mpaka kwenye sanduku. Maziwa yakipata joto sanduku linawasha mashine ya kupoza, yakipoa linaizima. Waya ukikatika, sanduku linapiga king'ora ili mtu aje. Hiyo ndiyo kazi yake yote, na Shangazi alitumia miaka miwili kuiandika.

Hakuianzia shuleni kazi hii. Baba yake alikuwa fundi wa redio, na yeye aliajiriwa akiwa na miaka kumi na tisa kwenye jengo la mitambo ya simu. Mitambo ile ilipobadilishwa kuwa ya kompyuta, wenzake wanaume walipelekwa kozi, yeye akaambiwa abaki kupokea wageni. Akapokea wageni mchana, na vitabu vya mitambo akavibeba kwenda navyo nyumbani, kimoja kimoja, chini ya kanga. Wenzake waliporudi kozini wakamkuta amesharekebisha makosa mawili. Mpaka leo ukimkumbusha habari ile anapandisha mori kana kwamba ni ya jana.

Mumewe ni fundi cherehani, anashona kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao, mtu mpole mwenye utani wa chini chini. Kompyuta ya mkewe anaiita mume mwenzangu. "Leo mume mwenzangu amekuudhi nini?" anamuuliza akimwona anaingia amekunja uso. Kutoka kwake Shangazi alichukua rula ndefu ya mbao. Haamini kioo cha kompyuta. Kosa likimshinda anachapa kwenye karatasi lugha ya mashine yenyewe, kurasa kwa kurasa za vifupisho na namba, anaweka rula chini ya mstari mmoja na kuusoma kwa sauti ndogo, kisha anashuka wa pili. Akiwa hivyo, usimsemeshe.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, maana hasira yangu bado haijapoa.

Jumatatu moja asubuhi vijana wa mauzo walimwelekezea Shangazi simu. Aliyepiga alikuwa mwendeshaji wa tangi kwenye kituo kimoja cha ushirika wa wafugaji. Tulikuja kumjua kwa jina la Baba Pacha, kwa sababu ana mapacha wa miaka minne. Maziwa yote ya siku iliyotangulia, lita elfu mbili, yalikuwa yameganda tangini.

"Mama, mimi tangi nimeligusa kwa mkono wangu," alisema. "Lilikuwa na joto. Sanduku lenu linasema nyuzi tatu."

"Ulifungua kifuniko?"

"Sikufungua."

"Kaka, nisikilize. Waya wa kipimajoto ukikatika, sanduku linapiga king'ora. Lilipiga?"

"Halikupiga."

"Basi waya ni mzima, na sanduku halisemi uongo. Tafuta kwingine."

Akakata simu. Nilikuwepo, nilisikia, na nilitikisa kichwa kukubaliana naye. Siku ile ile Baba Pacha akasimamishwa kazi. Kamati ya ushirika ikapanga kikao Ijumaa ya wiki ya pili kuamua kama afukuzwe, na ikamwandikia mkurugenzi wetu kuomba maelezo ya kitaalamu. Mwenyekiti wao aliandika waziwazi kwamba mhandisi wa kampuni ameshatamka kuwa sanduku halisemi uongo. Maneno ya simu ya dakika moja yamekuwa ushahidi.

Mkurugenzi akanipa sanduku la majaribio. Nikachomoa waya mara kumi na mbili, na mara kumi na mbili king'ora kikalia mpaka watu wa duka la chini wakapanda kuuliza kuna nini. Nikaandika kwamba sanduku ni zima. Mkurugenzi akafurahi. Alikuwa na orodha ya joto ya siku ile iliyotoka kwenye sanduku la kituo, na akaipitisha meza hadi meza kama picha ya harusi. "Angalieni ilivyonyooka," alisema. "Tatu, tatu, tatu, kutwa nzima. Huyu bwana ameingiza maziwa mabovu, anataka kutubwagia zigo lake." Akaandika ripoti: kosa la mwendeshaji. Ikabaki Shangazi kutia saini.

Baba Pacha hakuchoka kupiga. Alipiga siku hiyo, kesho yake, keshokutwa. Vijana wa mauzo wakaanza kuigiza sauti yake. Mara ya saba ilikuwa Jumanne, siku tatu kabla ya kikao, na nikapokea mimi kwa sababu Shangazi alikuwa amekwenda kuchukua maji.

"Dada, niulize jambo moja tu, halafu sitawasumbua," alisema. Hakuwa anafoka. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia faraghani. "Siku ile saa mbili tulimimina lita mia sita za moto moto, zimetoka kwa ng'ombe sasa hivi. Namba haikupanda hata kidogo. Wewe umeona wapi maziwa ya moto yanaingia kwenye tangi na joto lisibadilike?"

Shangazi aliporudi nikamrudishia swali lile kama nilivyopewa. Akaweka kikombe chini, akaenda kwenye meza ya mkurugenzi na kuinyakua ile orodha bila kuomba.

"Tatu kamili," alisema. "Tangu saa kumi na moja alfajiri mpaka saa saba mchana. Hata maji ya mtungini hayakai hivi. Hii ni namba iliyokufa, na sisi tumekaa siku nane tunaisifia ilivyonyooka."

Hapa lazima nieleze kidogo, na nitaeleza kwa aibu. Tunachoandika sisi mashine haikielewi. Kuna programu inayokigeuza kuwa lugha ya mashine, inaitwa kompaila. Kompaila ina tabia mbili, unachagua mwenyewe. Ukiiambia igeuze neno kwa neno, inatoa kitu kirefu na cha polepole, lakini ukitafuta kosa ndani yake unaona kila hatua. Ukiiruhusu iharakishe, inapanga upya, inaunganisha, na chochote inachoona hakina kazi inakitupa. Sisi tulikuwa tunajaribu ile ya polepole kwa sababu ndiyo inayosomeka, na tunauza ile ya haraka kwa sababu ndiyo inayoenea kwenye kumbukumbu ndogo ya sanduku. Kwa miaka sita tulimpima mteja nguo moja na kumvalisha nyingine, na hakuna aliyeona ajabu. Mimi, niliyeajiriwa kuona ajabu, sikuona.

Shangazi akashuka stoo akaleta sanduku jipya, bado liko ndani ya boksi lake, kama linavyokwenda kwa mteja. Tukaliwasha. Likaonyesha nyuzi ishirini na sita, joto la chumba. "Chomoa," aliniambia. Nikachomoa waya.

Kimya. Namba ikaruka kutoka ishirini na sita hadi tatu, ikatulia hapo. Hakuna king'ora. Nilikuwa nimeushika waya mkononi, haukugusa kitu, na sanduku linaniambia kwa uso mkavu kwamba maziwa yana baridi safi.

Shangazi alitukana. Sitayaandika maneno aliyoyasema. Mkurugenzi alitoka ofisini kwake, akalitazama sanduku, akarudi ndani na kufunga mlango.

Siku iliyofuata nzima Shangazi alipigana na kosa lile. Kila alipotaka kuingia ndani ya kiini kilipokuwa kinafanya kazi, hatua kwa hatua, ilimlazimu atumie ile ya polepole, na kwenye ya polepole kosa halipo, king'ora kinalia vizuri tu. Akirudi kwenye ya haraka kosa lipo, lakini hatua hazionekani. Ilikuwa kama kumvizia mtoto anayejifanya amelala. Alilaumu nyaya, akalaumu kiwanda cha kipimajoto, akamlaumu fundi umeme aliyefunga soketi zetu, na mimi akaniambia napumua kwa kelele. Mumewe alimletea chakula mwenyewe, akaweka bakuli juu ya kabati na kuondoka bila kusema chochote kuhusu mume mwenza.

Alhamisi asubuhi nilimkuta amechapa lugha ya mashine ya ile ya haraka, kurasa arobaini, na rula iko kazini. Alikuwa anatafuta mahali pamoja tu: pale kiini kinapouliza kama waya umekatika. Alizipitia kurasa zile mara moja, akazipitia mara ya pili. Kisha akaweka rula chini.

"Halipo," alisema. "Swali langu halipo. Limefutwa."

"Nani kafuta?"

"Kompaila. Mwizi huyu amenifutia swali langu na hata hajaacha alama."

Akafungua maandishi yake mwenyewe, yale ya miaka sita iliyopita, ili anionyeshe jinsi alivyoonewa. Akaanza kunisomea kwa kidole. Kila kipimajoto kina mahali pake kwenye kumbukumbu, na kiini kinashika anwani ya mahali hapo. Waya ukikatika anwani inafutwa, inabaki sifuri, maana yake hapana mahali. Mstari wa kwanza: nenda kwenye anwani, soma joto. Mstari wa pili: kama anwani ni sifuri, piga king'ora.

Kidole chake kikasimama hapo, na uso ukambadilika.

Nilichelewa kuelewa, akanieleza kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti isiyo na ukali wowote. Alisoma kwanza, akauliza baadaye. Kompaila ilipofika hapo ilifuata akili yake: huyu ameshasoma kwenye anwani hii, na hakuna mtu anayesoma mahali pasipokuwepo, basi anwani hii haiwezi kuwa sifuri, basi swali la pili halina kazi. Ikalitupa, kama ilivyoruhusiwa. Na kwenye hiki kidude chetu cha bei ndogo, ukisoma kwenye sifuri mashine haikatai. Inakupa namba yoyote iliyokaa hapo. Iliyokaa hapo tangu siku ya kwanza ilikuwa tatu.

"Mistari miwili," alisema. "Ningeibadilisha nafasi tu. Mwanafunzi wa mwezi wa kwanza ningemchapa kwa kosa hili."

Nilitaka kumfariji, nikajikuta nina hasira badala yake, na nikamwambia hivyo. Nilimwambia kwamba amemtolea yule baba maneno ya jeuri, na kwamba mimi nimechomoa waya mara kumi na mbili kwenye sanduku ambalo hatujawahi kumuuzia mtu, halafu nikajiona nimefanya kazi. Akabadilisha mistari ile nafasi, akageuza upya ile ya haraka, akaipakia kwenye sanduku la majaribio, nikachomoa waya, king'ora kikalia. Kazi nzima ilichukua dakika tano.

Mkurugenzi alimsikiliza mpaka mwisho huku akichezea kofia ya kalamu.

"Vizuri sana," alisema. "Hii tutaiweka kwenye toleo jipya. Kimya kimya. Ripoti ya ushirika ibaki kama ilivyo."

"Ibaki vipi? Inasema kosa ni la mwendeshaji."

"Shangazi, fikiria. Masanduku yako kwenye vituo arobaini na moja. Ukisema hili, watayarudisha yote. Kwa ajili ya mtu mmoja?"

"Mtu huyo mmoja ana jina lake, na mimi ndiye niliyelichafua."

"Tia saini, mama. Nakuomba kwa heshima."

"Heshima ipi?" Shangazi aliuliza. "Unataka nimfanye bangusilo mtu aliyenipigia mara saba kuniambia ukweli, halafu uniite mama?"

Aliichukua ile ripoti, akaikunja mara nne akaitia mkobani, bila saini. Mkurugenzi akamwambia kwamba akienda kwenye kikao kile asihangaike kurudi ofisini. Aliposema hivyo alikuwa ananitazama na mimi. Nitakuwa mkweli: nilitamani kubaki. Lakini saini ya majaribio ilikuwa yangu, si ya mtu mwingine.

Ijumaa saa nne tulikuwa kwenye ofisi ya ushirika, chumba chenye viti vya plastiki na kabati la chuma, dirisha likitazama tangi. Kamati ilikuwa watu watano, mwenyekiti wao mama mmoja mwenye miwani yenye mkono uliofungwa kwa uzi. Baba Pacha alikaa peke yake upande wa pili, mtu mrefu mwembamba, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka limekakamaa. Ndiyo mara ya kwanza tulimwona.

Shangazi alisimama, akaeleza kila kitu kwa maneno ya kawaida. Alikuwa amebeba sanduku la stoo. Akaliwasha, akachomoa waya mbele yao, na wote wakaiona tatu ikikaa pale.

"Kwa hiyo aliyefuta ni hiyo kompaila," mwenyekiti alisema polepole.

"Aliyefuta ni kompaila. Aliyekosea ni mimi. Na aliyesema kweli tangu siku ya kwanza ni huyu kaka, nikamkatia simu." Akamgeukia. "Nisamehe, kaka. Sikukusikiliza."

Wanakamati walinong'onezana kidogo tu. Mwenyekiti akatangaza kwamba Baba Pacha anarudi kazini Jumatatu, na siku alizokaa nyumbani zihesabiwe kuwa za kazi. Nilipumua. Nilidhani yamekwisha, na kwamba kilichobaki ni kupeana mikono na sisi kwenda kutafuta ajira nyingine.

Baba Pacha hakutabasamu. Alikuwa anaitazama ile tatu.

"Na yule dada wa kituo cha juu?" aliuliza.

"Dada yupi?" Shangazi akasema.

"Mwendeshaji wa mwaka jana, mwezi wa saba. Maziwa yaliganda, akasema aliligusa tangi, lina joto, sanduku linasema tatu. Maneno haya haya. Aliapa mbele yetu. Nilikuwa nimekaa pale ulipo wewe, mimi ndiye mwakilishi wa waendeshaji." Akatugeukia sisi wawili. "Mlileta karatasi ya wataalamu. Nikanyoosha mkono afukuzwe. Nikamwambia aache kutufanya wajinga."

Nilikuwa najitahidi kukumbuka karatasi hiyo na sikumbuki chochote. Tunaandika nyingi.

"Yuko wapi sasa?" Shangazi aliuliza.

"Hatujui. Watu walianza kumwita mharibifu, hata watoto wake shuleni. Akahama. Simu yake haipatikani."

Mwenyekiti aliinuka, akafungua kabati la chuma na kupekua mafaili kwa muda mrefu, na sisi wote tukimsubiri. Alipolipata alilotaka hakutusomea. Aliiweka karatasi mezani akaigeuza upande wetu. Ilikuwa na mistari mitatu, kosa la mwendeshaji, na chini yake saini mbili, ya Shangazi na yangu.